Tutarejea Punde

Jana mchana, baada ya kushiba kande na kuegemea kiti cha ofisini kwa nia njema kabisa ya kupumzisha macho dakika tano, niliota Mtandao amekuja kunishtaki.

Alibisha hodi kistaarabu. Nilipofungua nikamkuta mwanamke wa makamo, amevaa koti la mafundi lile linalong'aa, gambuti miguuni, waya umezungushwa begani, na kikohozi kinamsumbua. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai ovyo.

"Mimi ni Mtandao," alisema.

Nilisita kidogo kwenye salamu. Kwa upande mmoja ni mimi niliyemleta hapa ofisini, kwa hiyo nilimwona akiwa bado mgeni wa mji. Kwa upande mwingine ameshaingia kwenye nyumba za watu wengi wanaonizidi umri. Nikaona nisijitafutie lawama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tarehe kumi na nne Juni, mwaka juzi, saa saba na dakika ishirini mchana, ulisema mbele ya watu mia mbili kwamba nimekata. Siku hiyo nilikuwa mzima. Hata mafua sikuwa nayo."

Nikataka kukaa. Kiti kikasogea pembeni, kikasema tumsikilize mama kwanza.

Hapa inabidi nieleze, maana nisipoeleza mimi ataeleza yeye. Naitwa Manase Kiswaga, na kazi yangu hapa Makambako ni kurusha sherehe mubashara: harusi, kipaimara, mahafali, misiba. Watu walio mbali wanafungua simu zao na kuona kila kitu, hadi mjomba anayesinzia. Mama yetu alipofariki, siku ya kumaliza matanga kijijini kwetu Wanging'ombe niliirusha mwenyewe. Nina dada mmoja tu, Lusungu, muuguzi huko Norwe, na karatasi zake za kusafiria zilikuwa zimekwama. Tukakubaliana atatazama kwenye simu, na ikifika zamu yake atapewa dakika tano aseme neno, sauti yake itoke kwenye spika za uwanjani.

Alianza vizuri. "Mama yetu alikuwa na siri moja jikoni," alisema. "Anayeijua ni mimi na..."

Hapo nikabonyeza. Sauti yake ikazimika uwanjani, na kwenye simu yake nikamwekea kile kibao ninachokiweka wageni wakienda kula: TUTAREJEA PUNDE. Kisha nikashika maikrofoni na kusema kwa uso mkavu, "Samahanini wapendwa, mtandao umekata."

Kwa nini? Niseme ukweli, kwa kuwa sasa nimeshaamka. Miezi miwili ya mwisho ya Mama nilikuwa nazunguka kurusha harusi za watu. Nilikwenda kumwona mara moja tu, tena kamera ikiwa mgongoni, na nikaondoka chai yake ikiwa bado ya moto. Lusungu alikuwa akimpigia Mama kila jioni, kwa hiyo alijua yote. Nilidhani anataka kunianika mbele ya ukoo. Niliogopa, basi.

Sikurejea punde. Sikurejea kabisa. Yeye hakunipigia, mimi sikumpigia, na miaka miwili ikaisha hivyo. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa namwandikia ujumbe, nausoma, naufuta.

"Unakubali shitaka?" Mtandao aliuliza.

"Mama, kila mtu anakusingizia," nilijitetea. "Mafundi, makarani, hata wachumba wasiotaka kupokea simu."

"Wote wako kwenye orodha. Leo ni zamu ya herufi K." Akakohoa. "Bwana Vunja atakuja saa kumi kamili kuondoa ile meza."

"Meza gani?"

"Ya wewe na dada yako. Hii ndiyo hati ya kuitwa. Nifuate."

Nilimfuata, na nje hapakuwa Makambako tena.

Ni darasa la tatu la shule niliyosoma. Ubaoni kuna tarehe ya miaka thelathini iliyopita, na kwenye meza ya mwalimu amekaa Rimoti. Bado yumo ndani ya nailoni yake ya dukani, maana ametoka kwenye nyumba inayojiheshimu, na kila anapojigeuza nailoni inapiga kelele.

"Kamwene," anasema, akinisalimu kikwetu.

"Kamwene."

"Hapa tunapokea maagizo manne tu. Andaa, Cheza, Simamisha, Vunja. Picha na sauti hatubebi, zina barabara yake huko nyuma. Sisi tunaagiza tu. Usije ukaniuliza habari za picha."

"Sijauliza."

"Watu huuliza. Haya, agizo lako?"

"Cheza!"

"Usinipigie kelele. Namba?"

"Namba gani?"

Rimoti anavuta pumzi ya mtu aliyezoea kuelimisha umma. "Kila agizo lina namba, na jibu lake linarudi na namba hiyohiyo, mtu asije akajibiwa la mwenzake. Hili lako ni la ngapi?"

"La kwanza."

Anafungua daftari na kushuka na kidole, ingawa hana vidole. "La kwanza ulilileta mwaka juzi. Moja, Andaa. Uliandaa, ukapewa meza na viti viwili. Mbili, Cheza. Ulicheza. Tatu, Simamisha." Anageuza ukurasa. Ukurasa ni mweupe. "La nne halipo."

Nalisogelea daftari. "Kwani sikuvunja?"

"Imeandikwa wapi umevunja?"

"Mimi nimeishi miaka miwili nikijua nimevunja."

"Wengi wanaishi hivyo. Ukivunja, meza inaondolewa, namba inafutwa, kila mtu anashika njia yake. Ukisimamisha, meza inabaki palepale na vitu vyake vyote. Vinaingia vumbi tu."

Nakiri kwamba nilitaka kuruka dirishani kwa furaha. Lakini Rimoti ananyanyua kitufe chake chekundu, nakaa.

"Ila meza haikai hivihivi. Kila dakika lazima mmoja wenu aseme 'bado nipo'. Dakika ikipita kimya tunafuta, wala hatumsumbui Bwana Vunja."

Napiga hesabu ya dakika za miaka miwili, nashindwa. "Mimi sijasema hata mara moja."

"Wewe hujasema."

Nailoni inapiga kelele. Nje watoto wanaimba jedwali la saba.

"Kuna mtu anasema?" nauliza.

"Kila dakika. Hata Krismasi. Umeme ukikatika anakatika, ukirudi anarudi. Bado nipo, bado nipo. Ananichosha, sikufichi. Nilimwomba awe anasema mara moja kwa wiki, akakataa."

"Ni nani?"

"Namba haina sura."

"Sasa kama anasema, Bwana Vunja wa nini?"

"Mama ameleta shitaka," anasema Rimoti, akimwonyesha Mtandao, ambaye amekaa dawati la nyuma akikausha gambuti. "Meza iliyosimamishwa kwa uongo, mshitaki ana haki ya kuomba ivunjwe. Isipokuwa mwenye meza alete agizo la nne kabla ya saa kumi."

Nachungulia varandani. Bwana Vunja ameshafika. Ni mtu mpole, amefunga tai, nyundo kubwa ameiegemeza magotini, na anakula hindi la kuchoma kwa utaratibu, punje mojamoja.

"Usinijali, ndugu yangu," ananiambia. "Sina ubaya na mtu. Nasubiri saa kumi tu."

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tisa na robo. Nimewahi kidogo, foleni za mjini siziamini."

Namrudia Rimoti mbiombio. Cheza, namba nne, nasema. Anauliza kuanzia wapi. Palepale nilipokata, nasema.

"Hapo pana maneno ya dada yako, yale uliyoyafungia mlango. Yako chumba cha kusubiri. Nenda kaangalie kama yametimia, maana sichezi maneno nusunusu."

Ninafungua mlango wa darasa na kuingia jikoni kwa Mama.

Kila kitu kipo. Mafiga, dirisha dogo lililozibwa na gunia, ule moshi unaokufanya ulie bila kuwa na huzuni. Ukutani kuna benchi refu, na juu yake yamekaa maneno ya Lusungu, kila moja na namba mgongoni iliyoandikwa kwa chaki. Yana vumbi la safari. "Siri" amejifunika kanga asionekane. Mmoja wa wale "na" ni mwembamba mno, karibu nimkalie. Msimamizi wao ni Mwiko wa Mama, uleule ulioungua upande mmoja.

"Usiwaguse," Mwiko ananionya. "Nimewapanga tangu mwaka juzi."

"Hawakuja pamoja?"

"Waje pamoja wapi! Kila mmoja na njia yake. Huyu 'jikoni' alifika kabla ya 'Mama', eti alipata lifti. Ndiyo maana wana namba. Tunawakalisha, tunawapanga, wakitosha tunawatoa kwa zamu. Tungewatoa wanavyofika, dada yako angesikika kama amekunywa."

Napita benchi nikisoma. Mama yetu alikuwa na siri moja jikoni. Anayeijua ni mimi na. Halafu pana nafasi tupu, ya kumi na mbili. Halafu benchi linaendelea, na hapo nasimama, kwa sababu miaka miwili yote sikuwahi kufikiri kwamba linaendelea. Linasema: Naomba aisimulie yeye, hapo alipo, maana mimi nikianza nitalia.

Nasoma tena. Hakuna shutuma hata moja. Nainama chini ya benchi kuangalia kama imejificha huko, hakuna.

"Huyu wa kumi na mbili alianguka njiani?" nauliza.

"Hafiki tu."

"Mbona hamkumrudia kumtafuta?"

"Barabara ya sauti haturudii mtu," anasema Mwiko. "Ukimrudia mmoja, wote walio nyuma wanasimama, na watu wamekaa uwanjani wanasubiri. Akikosekana anakosekana, tunasonga. Ila huyu nilimwekea nafasi." Ananitazama kwa ule upande ulioungua. "Sasa wewe unangoja nini? Kaa."

"Mimi?"

"Vua koti uone."

Navua koti langu la kazi na kuligeuza. Mgongoni, kwa chaki, kwa mwandiko wa Lusungu ninaoufahamu tangu madaftari ya shule, imeandikwa 12.

Nakaa. Anayeijua ni mimi na Manase. Sentensi nzima inapumua.

Nikiwa nimekaa hapo ndipo naiona sahani, pembeni ya mafiga, imefunikwa kwa sahani nyingine. Na siri inanijia yote. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miti ya miwati, anarudi mwisho wa mwezi tu. Kila jioni Mama alimpakulia. Alipakua, akafunika, akaweka sahani pembeni ya moto, siku zote thelathini, kwa mtu ambaye kila mmoja alijua hatakuja. Majirani wangejua wangemcheka. Alfajiri alituamsha mimi na Lusungu na kutunong'oneza, "Baba hakuwahi. Kuleni, msimwambie mtu." Tulikula tukiwa na macho ya usingizi. Hatukumwambia mtu.

Nafunua sahani. Ni kande, zina joto.

"Hii ya nani?" namuuliza Mwiko. "Baba alishatangulia siku nyingi."

"Hii ya mtoto wa Makambako. Mama alimpakulia kila jioni, mpaka jioni ile ya mwisho."

"Na alfajiri?"

"Alfajiri alikula mwenyewe, akisema hakuwahi."

Nililia. Nililia mbele ya mwiko na benchi zima la maneno, bila aibu yoyote, na "Siri" alijifunua kanga akanipa ncha yake nifutie uso. Mwaka juzi Mama alipozikwa sikuwa nimelia hivyo, nilikuwa na kazi ya kuangalia sauti.

Mlangoni mtu anasafisha koo. Ni Bwana Vunja. "Samahani kwa kuingilia," anasema. "Saa kumi kasoro tano."

Natoka mbio kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unatokea uwanjani, siku ya matanga. Turubai lipo, spika zipo. Watu hawapo. Vipo viti mia mbili vya plastiki, vimenielekea, na katikati amesimama Rimoti na daftari lake.

"Namba nne!" napiga kelele. "Cheza, kuanzia palepale!"

Mtandao anatikisa kichwa. "Ule ulikuwa mubashara, mwanangu. Mubashara haina palepale. Hapo ulipokata watu wameshakula, wameosha vyombo, wamekwenda makwao. Agizo la mubashara ni moja tu, kuanzia sasa."

"Na maneno ya dada yangu?"

"Yalikuwa ya kukukabidhi wewe. Si umeshakaa kwenye benchi?"

Bwana Vunja anakunja mikono ya shati polepole, mkono mmoja, halafu wa pili. Rimoti ananishikisha kalamu. Naishika.

"Kabla hujaandika," anasema Mtandao, "nisafishie jina langu."

Nachukua maikrofoni. Ni nzito kuliko niijuavyo, na nimebeba maikrofoni maisha yangu yote.

"Mtandao haukukata," naviambia viti. "Nilikata mimi. Niliogopa dada yangu atasema sikuja kumuuguza Mama. Ni kweli sikuja."

Viti mia mbili vinatazamana. Kiti cha mbele, cha bluu, chenye ufa mguuni, kinajibu kwa niaba ya vyote.

"Tulijua."

"Wote?"

"Ulibonyeza mbele yetu, Manase. Tulikuwa tunakuangalia mkono."

Basi naandika. Namba nne. Cheza. Kuanzia sasa. Rimoti anasoma, anasoma tena kutafuta kosa, halipo, anagonga muhuri. "Namba nne, sawa," anasema, na kwa mara ya kwanza nailoni yake haipigi kelele.

Bwana Vunja anaweka gunzi mfukoni na kufuta mikono kwa leso. "Vizuri," anasema. "Hii kazi sijawahi kuipenda." Anainua nyundo begani, anaviaga viti kimoja kimoja, anaondoka.

Mtandao ananisogelea, ananishika mkono, anafungua mdomo anishukuru, na anaganda hapohapo, mdomo wazi, katikati ya neno "ahsante". Nilimsubiri kidogo. Safari hii alikuwa amekata kweli.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Shingo ilikuwa imekakamaa, sahani ya kande ipo mezani, nzi wawili wanajadiliana juu yake. Nikajicheka na kusimama ili nikanawe uso. Ndipo nikausikia ule mvumo.

Kwenye kona ya ofisi, chini ya maturubai ya harusi, kuna mashine yangu ya kurushia. Chaneli zangu zote zinapitia humo, ila naiendesha kwa simu nikiwa kazini, kioo chake sikiwashi. Mvumo ule niliuzoea. Miaka miwili nilidhani ni friji ya soda ya jirani. Nikatoa maturubai, nikawasha kioo, nikashusha orodha ya chaneli hadi chini kabisa. Ilikuwepo: KUMALIZA MATANGA YA MAMA. Sikuwahi kuifunga. Sikuwa na moyo wa kuifungua, kwa hiyo hata kuifunga sikuifunga.

Nikaifungua. Kibao kilikuwa palepale, kwa herufi nyeupe: TUTAREJEA PUNDE. Na chini yake, kwa maandishi madogo: Anatazama 1.

Nikadhani ni mimi mwenyewe. Nikaifungua na kwenye simu yangu, ikawa 2. Nikafunga simu, ikarudi 1.

Sikufikiri sana, maana nikifikiri huwa nafuta. Nikachomeka kamera, nikaielekeza usoni kwangu na macho yangu yaliyovimba, nikakiondoa kibao.

"Kamwene, dada," nilisema. "Mtandao haukukata siku ile. Nilikata mimi."

Picha nayo ina safari yake. Sekunde ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nikakaa nikiangalia ile 1 nikiiomba isiondoke. Kisha chini ya kioo, mahali watazamaji wanapoandika, neno likatokea.

"Najua."

Likafuata jingine. "Simu yangu ya zamani iko hapa dirishani jikoni. Uliandika punde, nikaona nisubiri."

Yeye akaandika tena.

"Haya mdogo wangu, simulia ile sahani."

Nikavuta kiti karibu na kamera. Hakikusogea pembeni.

"Baba alikuwa anarudi mwisho wa mwezi tu," nilianza.